Kitufe cha Lalamika

Kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia nyumbani, lakini Chiriku hakwenda huko. Angemkuta nani? Mama yake alikuwa muuguzi wa zamu ya mchana, na funguo za nyumba alizibeba mwenyewe tangu siku ile Chiriku alipozisahau ndani na mlango ukajifunga. Kwa hiyo kila siku ya shule miguu ilimpeleka mpaka kwa dobi wa barabara kuu, ikampandisha ngazi za chuma zilizokuwa ubavuni mwa duka, ikamfikisha ofisini kwa mama yake mdogo. Huko juu joto la pasi za dobi lilipenya sakafuni, na chumba kizima kilinukia sabuni na nguo zilizonyooshwa.

Jina la Chiriku hakupewa na wazazi wake. Alipewa na darasa la sita kwa ajili ya mdomo wake, ambao haukujua kupumzika. Walimu nao wakalidaka, na sasa hata mama yake alimwita hivyo akiwa na furaha naye. Akikasirika alimwita kwa jina la cheti cha kuzaliwa, na hapo Chiriku alijua kwamba mambo yameharibika.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, kompyuta, birika la chai na skrini kubwa ukutani. Hapo ndipo ilipoendeshwa Sogani, mtandao ambao watu wa mji ule waliutumia kupigia soga kwa simu zao. Huyu aliuza kabati, yule alitafuta mbuzi wake aliyepotea, mwingine alionyesha jinsi mtoto wake anavyojifunza kutembea. Waendeshaji walikuwa watatu tu. Mama mdogo ndiye aliyekuwa mkuu wao, mwanamke mwepesi wa kutembea na mwepesi wa kuamua. Mhandisi ndiye aliyetengeneza programu, na alikuwa mtu wa maneno machache mno. Ukimwamkia, alikuitikia baada ya kumaliza mstari aliokuwa akiuandika. Wa tatu waliyemwita Bwana Masoko alitafuta wenye matangazo, na simu haikubanduka sikioni mwake hata alipokuwa akinywa chai.

"Kazi ya shule kwanza," Mama mdogo alikuwa akisema kabla hata salamu hazijaisha. "Porojo baadaye."

Basi Chiriku alifanya hesabu zake chini ya ile skrini, jicho moja daftarini na jingine juu. Skrini ilionyesha orodha iliyoitwa Zinazovuma. Chochote kilichoingia kwenye orodha hiyo kilipelekwa kwenye simu ya kila mtumiaji wa Sogani, atake asitake.

"Mashine yetu haina ndugu wala rafiki," Mama mdogo alimweleza siku moja, akiwa ameshika kikombe chake. "Inahesabu miguso tu. Kitu kikiguswa na vidole vingi, kinapanda. Kisipoguswa, kinashuka. Hiyo ni haki tupu, mwanangu."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Aliona fahari kuwa na mama mdogo wa namna hiyo, na shuleni hakuchoka kumtaja.

Sasa, shule yao ilifanya siku ya wazazi, na aliyechaguliwa kuwakaribisha wageni alikuwa Kidoti. Kidoti alikaa dawati moja na Chiriku tangu darasa la kwanza. Alikuwa na alama nyeusi kidevuni, ndiyo iliyompa jina, na alikuwa na kigugumizi kilichokuja na kuondoka kilivyotaka. Alifanya mazoezi ya hotuba ile njiani, uwanjani, hata kwenye foleni ya maji, na Chiriku aliisikiliza mpaka naye akaijua kwa moyo.

Siku ilipofika, Kidoti alisimama mbele ya wazazi wote, na neno la kwanza tu likamkwama. "Wa-wa-wa-wa…" Akanyamaza. Akavuta pumzi taratibu kama mwalimu alivyomfundisha, akaanza upya, akaenda hadi mwisho bila kuruka hata sentensi moja. Wazazi walipiga makofi. Baba yake, seremala mwenye mikono mipana, alipiga makofi mpaka jirani yake akamwambia atavunja viganja. Chiriku aliona kwamba hakuna aliyesema vizuri kumpita Kidoti siku ile, na hakuwa akimpendelea.

Kumbe kulikuwa na mtu aliyerekodi. Nani, hakujulikana. Alichukua kile kipande cha kukwama, akakikata, akakitia ngoma, akakipandisha Sogani. Hotuba iliyobaki aliitupa.

Jumatatu asubuhi watoto walikuwa wakimngoja Kidoti langoni. "Wa-wa-wa-wa!" waliimba, wakitikisa mabega kufuata ngoma. Wengine hawakuwa hata na ubaya moyoni. Waliuona wimbo mtamu, basi. Kidoti alipita katikati yao bila kuinua macho. Wakati wa mapumziko alichukua mkoba wake akaenda nyumbani. Jumanne hakuja, na Jumatano dawati lilikuwa la Chiriku peke yake.

Jumatano hiyohiyo Chiriku alikwenda kumtazama. Karakana ya seremala ilikuwa mbele ya nyumba, na mwenyewe alikuwa akipiga randa ubao bila kuinua kichwa.

"Shikamoo, Baba Kidoti."

"Marahaba. Yuko ndani. Ukipata neno kwake, niletee na mimi."

Kidoti alikuwa ameketi kitandani, uso kaelekeza ukutani. Chiriku akaongea kwa niaba ya wote wawili, kama alivyozoea. Aliongea juu ya mtihani wa hesabu, juu ya mwalimu aliyevaa soksi mbili za rangi tofauti, juu ya paka wa mlinzi. Mwishowe maneno yakamwishia, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu azaliwe. Hapo ndipo Kidoti aliposema, bila kugeuka, "S-sirudi."

Chiriku alitoka hadi karakanani. Seremala aliweka randa chini.

"Nimezungumza na shangazi yake," alisema. "Anakaa mbali, huko hakuna anayemjua. Jumatatu ijayo, kama huo upuuzi bado unavuma, nakwenda kwa mwalimu mkuu kuomba uhamisho."

"Lakini Baba Kidoti, yeye ndiye wa kwanza darasani! Na mimi nitakaa na nani?"

"Mwanangu, mlango nitautengeneza hata nikiwa nimefumba macho. Midomo ya mji mzima nitaifungaje?"

Chiriku aligeuka. Alikwenda mbio mpaka ofisini, akaingia akihema, na akasahau hata kusalimia.

"Mama mdogo, iondoeni! Ile video ya Kidoti, iondoeni sasa hivi!"

Akaeleza yote, akichanganya mwanzo na mwisho. Mama mdogo alimsikiliza mpaka akamaliza, akaangalia skrini. Video ile ilikuwa katikati ya orodha.

"Nampa pole rafiki yako, na ninasema kutoka moyoni," alisema. "Lakini sikiliza, Chiriku. Leo nikiiondoa kwa kuwa wewe ni mtoto wa dada yangu, kesho nitaondoa nyingine kwa ajili ya jirani, na keshokutwa watu watasema Sogani ni mali ya ukoo wetu. Chini ya kila video tumeweka kitufe cha Lalamika. Kibonyeze kama wengine wanavyokibonyeza."

"Nikikibonyeza, itaondoka?"

"Malalamiko yakiwa mengi yatashughulikiwa. Ndiyo kazi ya kile kitufe."

Alisema kwa uhakika kabisa, naye Chiriku akaamini. Mengi? Kama ni kuwakusanya watu tu, basi hiyo ilikuwa kazi yake. Alhamisi alilivalia njuga jambo lile tangu asubuhi. Alizunguka darasa lote akiwataka kila mmoja abonyeze Lalamika kwa simu ya mzazi wake, ya kaka yake, ya yeyote aliye nayo. Baadhi ya walioimba langoni walijikuna vichwa, kisha wakakubali. Jioni alimng'ang'ania mama yake, na mama yake akawapigia simu wauguzi wenzake. Hata dobi alifuta mikono kwenye aproni, akauliza ni video ipi, akabonyeza.

Alipopita kwa Kidoti alimwambia dirishani, "Kesho haitakuwepo. Mtaa mzima umelalamika." Safari hii Kidoti aligeuza uso akamtazama.

Ijumaa Chiriku alizipanda zile ngazi za chuma akiruka mbilimbili. Alipofungua mlango alimkuta Bwana Masoko akicheza katikati ya chumba, simu bado iko sikioni.

"Namba moja!" alikuwa akimwambia mtu wa upande wa pili. "Hatujawahi kupata miguso kama hii tangu tuanze! Njoo, mama, njoo uone mwenyewe!"

Chiriku akainua macho. Juu kabisa ya orodha, mkubwa kuliko wote, alikuwa Kidoti na mdomo wake wazi. Mkoba ukamponyoka Chiriku ukaanguka sakafuni.

"Ni meneja wa kiwanda cha biskuti," Bwana Masoko alimwambia Mama mdogo huku akikata simu. "Yuko njiani. Akiipenda Zinazovuma, ataweka matangazo yake kwetu."

Chiriku hakuwa akimsikia. Alijiuliza, darasa zima limelalamika, mtaa mzima umelalamika, wauguzi wamelalamika. Sasa ni nani hao wanaoipenda kiasi hiki? Akachukua simu ya ofisi, ile iliyokuwa ya majaribio, akaifungua video. Hesabu ya miguso ilikuwa pembeni. Akabonyeza Lalamika. Hesabu ikaongezeka.

Lakini labda kuna mtu mwingine aliyegusa wakati uleule. Video ile haikukosa vidole. Alihitaji kitu ambacho hakuna mtu angekigusa. Akatazama huku na huku, akaona ufagio umeegemea ukuta. Akaupiga picha, akaupandisha Sogani na kuandika: "Ufagio wa ofisi." Akangoja. Kama alivyotarajia, hakuna aliyejali. Hesabu ilibaki sifuri.

"Mhandisi, tafadhali fungua picha hii kwa simu yako, ubonyeze Lalamika."

Mhandisi alimaliza mstari wake, akabonyeza. Moja.

"Bwana Masoko, na wewe."

"Ufagio umekosa nini?"

"Bonyeza tu, baba."

Mbili. Mama mdogo, aliyekuwa ameanza kukunja uso, hakungoja kuombwa. Alibonyeza kwa simu yake mwenyewe, na hesabu ikawa tatu. Kwenye orodha ya picha mpya, ufagio ukapanda na kumpita mtu aliyekuwa akiuza kabati.

"Mmeona?" Chiriku alisema. "Tulilalamika ili mmshushe. Na kila tulipolalamika mlimpandisha!"

Pasi za dobi zilisikika zikipumua huko chini. Mhandisi aliinamia kompyuta yake, akasoma, akarudia kusoma.

"Ni kweli," alisema. "Tulipoanza tulikuwa na watu wachache, tukataka hesabu ionekane kubwa. Nikaiambia mashine ihesabu kila mguso. Kupenda, kutoa maoni, kusambaza, kulalamika, vyote sawa. Nilisema nitarudi kutenganisha. Sikurudi." Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho.

"Na malalamiko yenyewe," Mama mdogo aliuliza polepole, "nani anayasoma?"

Mhandisi akamtazama Bwana Masoko. Bwana Masoko akamtazama Mama mdogo.

"Nilidhani ni wewe," alisema Bwana Masoko.

"Mimi nilidhani ni Mhandisi."

"Mimi nilidhani ni nyinyi," alisema Mhandisi.

Walifungua sanduku la malalamiko, na lilikuwa limejaa pomoni. Tangu Sogani ianze, hakuna aliyelifungua. Kulikuwa na mama aliyeibiwa picha zake na mtu aliyejifanya ni yeye. Kulikuwa na mzee aliyetapeliwa akiomba yule tapeli azuiwe asije akampata mwingine. Kulikuwa na mtoto aliyeandika "tafadhali" peke yake, bila neno jingine. Mama mdogo alianza kuyasoma kwa sauti, kisha akayasoma kimyakimya, kisha akaketi. Chiriku hakuwahi kumwona akiwa hivyo, na alimwonea huruma, ingawa hasira zilikuwa bado zinamchemka.

Bwana Masoko alikohoa. "Tutaiondoa video, hilo halina ubishi. Lakini mgeni yuko njiani. Tumwache aone, aondoke, ndipo tuiondoe. Ni leo tu! Na tuseme ukweli, si sisi tuliorekodi. Hatukuikata sisi, wala hatukuitia ngoma sisi."

Mama mdogo alimgeuzia mgongo. Alikuwa akiitazama skrini. Chiriku alijua kwamba kwa ajili ya Sogani mama yake mdogo aliacha kazi nzuri, na alijua jinsi alivyoingoja siku ambayo meneja wa kiwanda angepanda ngazi zao. Angeweza kulia, angeweza kupiga kelele. Badala yake mdomo wake ulitafuta maneno, ukapata machache.

"Mama mdogo, mama yangu hana muda wa kutafuta video. Yuko wodini anawafunga watu vidonda. Lakini ile video ilimfikia mfukoni mwake. Nani aliipeleka?"

Mhandisi aliondoa mikono kwenye kompyuta.

"Yule aliyerekodi alikuwa na rafiki wangapi? Angewaonyesha hao, basi, wakacheka, wakasahau. Nyinyi mmeuonyesha mji mzima."

Mama mdogo akasimama. "Iondoe," alimwambia Mhandisi.

"Sasa hivi?" Bwana Masoko aliruka.

"Sasa hivi. Na Zinazovuma uifunge yote, mpaka tujue kila inachokihesabu. Mgeni ataikuta kama ilivyo."

Mhandisi hakungoja amalize. Kufumba na kufumbua, skrini ilikuwa nyeupe.

Meneja wa kiwanda cha biskuti alifika muda mfupi baadaye, mwanamke mnene mwenye miwani, akilaumu zile ngazi. Alitazama ukuta mtupu, akawatazama wao. "Nimekosea mlango?"

"Hujakosea," alisema Mama mdogo. "Karibu uketi, tukuambie tulichofanya."

Akamweleza yote, bila kutia chumvi na bila kuficha kitu. Bwana Masoko alikuwa ameshika tama kwenye kona, anasubiri mbingu ianguke. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani akaifuta.

"Biskuti zangu zinaliwa na watoto," alisema. "Mngeweka jina la kiwanda changu chini ya mtoto anayechekwa, ningejificha wapi? Tengenezeni kwanza. Mkishamaliza nipigieni, nitakuja tena, ijapokuwa ngazi zenu ni balaa."

Alipoondoka, Chiriku alishusha pumzi akidhani mambo yamekwisha. Mama mdogo alikuwa tayari ameshika mkoba wake.

"Twende," alisema. "Nipeleke kwa huyo mtoto. Nyinyi wawili, twendeni."

Wakaongozana wote wanne mpaka kwenye karakana. Bwana Masoko alitia simu mfukoni, na mkono wake haukujua ukae wapi. Seremala aliendelea kupiga randa wakati Mama mdogo akisema, lakini polepole zaidi na zaidi, mpaka akasimama kabisa.

"Tulimkosea binti yako," Mama mdogo alisema. "Aliyerekodi alikosa, lakini sisi ndio tuliomsukuma mtoto mbele ya watu, na mlipolalamika hatukuwa na habari. Tumekuja kuomba radhi."

"Mmeiondoa kwenye simu. Vizuri," alisema seremala. "Na vichwani mwa watu mtaiondoaje?"

Mama mdogo alimtazama usoni. "Vichwani siwezi, ndugu yangu," alisema. "Ninaloliweza ni hili. Kila simu tuliyoipelekea ile video, tutaipelekea maneno yetu. Tutasema kwamba tulikosa, kwamba mtoto huyu alitoa hotuba yake hadi mwisho, na kwamba wazazi walimpigia makofi."

"Tena tuweke hotuba nzima!" Bwana Masoko alidakia. "Wapo wazazi walioirekodi yote. Hiyo itavuma kweli—"

Mama mdogo alimkata jicho, naye akanyamaza palepale. "Uso ni wake," alisema. "Tutamuuliza mwenyewe."

Hawakuhitaji kumwita. Kidoti alikuwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyejua tangu lini. Wote walimgeukia.

"S-s-sitaki…" alianza, neno likagoma. Chiriku alilijua neno lenyewe, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na ulimi huo haukuwa umezoea kungoja. Akajikaza, akangoja. "Sitaki v-video tena. Hata nzuri. Andikeni tu." Akavuta pumzi. "Yaliyobaki n-nitasema mwenyewe."

"Sawa, mwanangu," alisema Mama mdogo. "Tutafanya hivyo tu, wala hatutazidisha."

Jioni ile maneno yalikwenda kwenye simu zote. Wimbo haukufa siku moja, kwa sababu wimbo mbaya una miguu migumu. Lakini Jumamosi mama mmoja alimkemea mwanawe dukani, na Jumapili dobi alimfukuza kijana aliyeingia akiuimba, akamwambia arudi kuchukua suruali yake atakapokuwa na adabu.

Jumatatu, kwenye mkutano wa asubuhi, mwalimu mkuu alimkaribisha Mama mdogo, aliyekuwa ameomba nafasi ya kusema, mbele ya shule nzima. Kidoti alikuwa kwenye mstari wa darasa la sita, ubavuni mwa Chiriku, mikono yake ikiwa ya baridi. Nyuma kabisa, karibu na bomba la maji, alisimama seremala. Alikuwa amevaa shati safi na uso usiosema lolote.

Mama mdogo aliwaeleza wanafunzi kosa la Sogani, na kicheko kikapita aliposimulia habari za ufagio. Kisha akawaambia walichobadilisha. Tangu sasa, mtu akilalamikia kitu, hakitasukumwa kwa wengine mpaka binadamu akisome na kuamua. Wao watatu watayasoma malalamiko kwa zamu, naye ndiye ameanza zamu. Na uso wa mtoto hautaingia Zinazovuma kabisa, hata ukiguswa na dunia nzima.

"Nilikuwa nikisema mashine yetu haina ndugu wala rafiki, nikadhani hiyo ndiyo haki," alisema. "Nilikosea. Mashine ilifanya tulichoiambia, na tulioiambia ni sisi."

"Kuna mwenye swali?" aliuliza mwalimu mkuu.

Mkono ulioinuka ulikuwa wa Kidoti. Uwanja ukatulia. Mahali fulani katikati ya mistari sauti ilianza "wa-wa—", lakini wenzake walimgeukia yule mvulana kwa macho makali, akameza yaliyobaki.

"I-ikitokea t-t-t…" Likakwama. Mama mdogo hakumsaidia, hakutabasamu kwa huruma, hakuangalia saa. Alingoja kama mtu anayetaka kulisikia swali. Shule nzima ikangoja pamoja naye. Kidoti akavuta pumzi. "Ikitokea tena, mtafanya nini kwanza?"

"Kwanza tutaiondoa," alisema Mama mdogo. "Kujitetea baadaye."

Kidoti akatikisa kichwa, akashusha mkono. Chiriku alitaka kupiga kelele za furaha, lakini alijizuia na kumbana tu mkono rafiki yake.

Mwalimu mkuu akasogea mbele. "Wanangu, mtu akitengeneza kitu kinachoingia katika kila nyumba, hawezi kusema kwamba kinachofanywa na kitu hicho humo ndani hakimhusu," alisema. "Ana wajibu wa kujua kinavyofanya kazi, wa kuwasikiliza wanaoumizwa nacho, na wa kukirekebisha hata kama hasara ni yake. Msione aibu kumdai wajibu huo, awe mdogo kama ofisi ya juu kwa dobi au mkubwa kuliko nchi. Na ninyi mliocheza langoni, mashine haikuwatikisa mabega. Hayo mliyatikisa wenyewe. Nitawangoja ofisini mwangu saa ya mapumziko, mje bila kuitwa."

Mistari ikavunjika, watoto wakaelekea madarasani. Kidoti na Chiriku waliingia pamoja, na sauti iliyosikika zaidi, kama kawaida, ilikuwa ya Chiriku. Seremala aliwatazama mpaka mlango ulipofungwa, akaanza kuondoka.

"Baba Kidoti!" mwalimu mkuu alimwita. "Ulinipigia simu kwamba utakuja kwa jambo la uhamisho."

Seremala akageuka. "Uhamisho wa nani?" aliuliza, akaenda zake kazini.